Iringa, Njombe na Mpaka Uliobadili Takwimu

Anayesoma matokeo ya sensa bila kuijua historia ya mikoa ya Tanzania atashtuka akifika Iringa. Mwaka 2002 mkoa huo ulikuwa na watu 1,495,333. Sensa ya 2012 ikahesabu 941,238. Hapakuwa na vita wala njaa iliyowaondoa watu zaidi ya nusu milioni. Wa Makete, Ludewa na Makambako walikuwa pale pale, ila sasa walihesabiwa katika mkoa mpya wa Njombe, wenye watu 702,097.

Njombe ulianzishwa rasmi mwaka 2012, pamoja na Geita, Katavi na Simiyu. Umegaji huo ulikuwa na historia ndefu. Chini ya utawala wa Mwingereza, Iringa na Mbeya zilikuwa ndani ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Baada ya Uhuru majimbo yakavunjwa kuwa mikoa. Rukwa ukaundwa katikati ya miaka ya 1970, Manyara ukamegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na Songwe ukatoka Mbeya mwaka 2016. Lengo lilikuwa kusogeza utawala na huduma karibu na wananchi, na kwa mkazi wa Ludewa aliyekuwa na shida ya ofisi ya mkoa, Njombe ni karibu zaidi kuliko Iringa mjini.

Mipaka hiyo ya utawala ndiyo pia inayotumika kupima afya na maisha ya watu.

Utafiti wa viashiria vya UKIMWI na malaria wa 2007-08 uliupa mkoa wa Iringa wa zamani kiwango cha juu kuliko vyote nchini: asilimia 15.7 ya watu wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na maambukizi ya VVU. Utafiti wa 2011-12 ulipotenganisha mikoa hiyo miwili, Njombe ulipata asilimia 14.8 na Iringa 9.1. Aliyelinganisha jina na jina angesema Iringa imepiga hatua kubwa ajabu. Ukweli ni kwamba sehemu ya mkoa iliyoelemewa zaidi ilikuwa imeondoka na takwimu zake. Papo hapo mgawanyo huo ulifichua jambo lililofunikwa na wastani wa zamani: mzigo wa Njombe ulihitaji kutazamwa peke yake.

Kanda nazo zimehama. Katika utafiti wa afya wa 2010, Nyanda za Juu Kusini zilikuwa Iringa, Mbeya na Rukwa. Kufikia ule wa 2015-16, kanda yenye jina hilo hilo ilikuwa na Iringa, Njombe na Ruvuma, mkoa ambao awali uliwekwa Kanda ya Kusini pamoja na Lindi na Mtwara.

Sensa huhesabu kila mtu, kwa hiyo takwimu zake zinaweza kujumlishwa upya, kata kwa kata, ili kuufuata mpaka mpya. Utafiti wa sampuli hauna uwezo huo. Kaya zake huchaguliwa ili ziwakilishe mkoa, na ukishuka hadi wilaya waliohojiwa huwa wachache mno, asilimia ikayumba. Ndiyo maana kuchora maeneo madogo zaidi hakuleti ukweli zaidi pasipo fedha za kuhoji kaya nyingi zaidi.

Kila mkoa unapogawanywa, basi, matokeo yatolewe kwa mipaka mipya na ya zamani kwa pamoja, angalau katika utafiti wa kwanza baada ya mabadiliko, na ramani ya kanda ichapishwe kando ya kila jedwali. Mwandishi wa habari, diwani na mbunge nao wasitangaze kwamba mkoa umepanda au umeshuka kabla ya kuuliza kama ni mkoa ule ule uliopimwa mara ya kwanza.