Mla Jana Kala Nini?

Wahenga walisema, "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni, nikiambiwa kwamba ya jana yamekwisha, hayana mjadala. Siku hizi siiamini sana. Kuna watu ambao kazi yao ni kujibu swali hilohilo, tena kuhusu mnyama aliyekula mara ya mwisho miaka milioni 150 iliyopita.

Mnyama mwenyewe ni yule mjusi wetu wa Tendaguru, Lindi. Wanasayansi wanamwita Giraffatitan. Mifupa yake ilisimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Berlin mwaka 1937, na hadi leo iko huko, kimo chake zaidi ya mita 13. Kila tukimtaja tunazungumzia ukubwa. Leo naomba tumtazame mdomoni.

Meno yake yana umbo kama la patasi, na hana magego ya kusagia. Maana yake alikata majani akameza, kutafuna hakuna, tumbo likamalizia kazi. Jirani yake Dicraeosaurus, aliyechimbwa hapohapo, alikuwa na meno membamba kama penseli, tena na shingo fupi. Basi mmoja alikula vya juu, mwingine vya chini. Hawakugombea sahani moja.

Lakini umbo la jino linaonyesha tu kile ambacho mnyama aliweza kula. Ukitaka kujua alichokula kweli, tazama mikwaruzo. Mwaka 2025 watafiti walichapisha matokeo ya kupima mikwaruzo midogo mno, isiyoonekana kwa macho, kwenye meno ya dinosaria wala majani kutoka Ureno, Marekani na Tendaguru. Meno ya jamaa za mjusi wetu ndiyo yaliyolika zaidi. Wanadhani ni mchanga: jangwa lilikuwa karibu, upepo ukaumwaga juu ya majani. Aliyewahi kukutana na changarawe kwenye wali anaelewa.

Sasa, mifupa ile haikujipeleka Ujerumani. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya Waafrika waliichimba, msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Tazama hiyo miaka. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha 1907 tu. Jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala ya kusini, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Walioinua majembe Tendaguru walitoka katika nchi iliyokuwa bado inaiuguza njaa hiyo.

Nilianza kusoma habari hizi nikitaka kujua mjusi alikula nini. Nimemaliza nikijiuliza waliombeba walikula nini. Punje ya mchanga kwenye jani la kale ina watafiti, ina darubini, ina makala. Chakula cha mpagazi, baada ya kutua mzigo jioni, kinastahili walau swali.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kama una bibi au babu wa Lindi aliyesimuliwa na wazazi wake habari za kambi ile, kaa naye. Usianze na mjusi. Muulize kwanza: jana walikula nini?