Mazoeano ya kitamaduni: istilahi inayosikika kwenye muziki

Mwaka 1936 wanaanthropolojia watatu wa Marekani, Robert Redfield, Ralph Linton na Melville Herskovits, waliliwekea neno acculturation fasili inayotumika hadi leo. Kwa ufupi: watu wa tamaduni mbili wakikutana moja kwa moja kwa muda mrefu, hutokea mabadiliko katika utamaduni wa upande mmoja au wa pande zote mbili. Hizo pande mbili ndizo zinazopotea tunapoleta dhana hii katika Kiswahili.

Wengine husema "marekebisho ya kitamaduni". Lakini kinachorekebishwa ni kilichokosewa au kilichoharibika, na kijana aliyetoka Lubumbashi, Kongo, kwenda kusoma Ubelgiji hana kosa la kurekebishwa. "Utamadunisho" nao una kazi yake tayari: Kanisa Katoliki hulitumia neno hilo kueleza namna imani ya Kikristo inavyoingia katika utamaduni wa watu. Mimi napendekeza mazoeano. Kukubaliana kumetupa makubaliano, kuelewana kumetupa maelewano. Kuzoeana kutupe mazoeano. Mtu wa Lubumbashi husema kuzobelea pale mtu wa pwani anaposema kuzoea, kwa hiyo mzizi huu haumtupi mbali na nyumbani kwake.

Muziki unahusikaje hapa? Unahusika sana, na tangu zamani. Mwaka 1688, huko Basel, Uswisi, daktari Johannes Hofer aliandika tasnifu iliyobuni neno nostalgia, yaani hamu ya kwao iliyofikia kuwa ugonjwa. Mmoja wa wagonjwa anaowasimulia ni mwanafunzi kijana aliyetoka Bern kuja kusoma Basel. Alidhoofika mno, akaanza kupata nafuu alipokuwa akirudishwa kwao. Mwaka 1768 Rousseau, katika kamusi yake ya muziki, alieleza kuwa askari wa Uswisi walikatazwa kupigiwa wimbo wa wachungaji wa kwao, kwa kuwa ukiwafikia masikioni walilia, walitoroka au walikufa. Kisha akaongeza jambo ambalo naliona zito kuliko kisa chenyewe: nguvu ile haikutoka kwenye sauti za wimbo, ilitoka kwenye kumbukumbu. Mgeni asiye na kumbukumbu hizo angeusikia wimbo uleule asipatwe na lolote.

Ndiyo maana haitoshi kumuuliza mwanafunzi anasikiliza muziki wa wapi. Rumba ya Kongo ikipigwa chumbani usiku inaweza kumpa nguvu za kuamkia darasani, na inaweza pia kuwa mlango anaoufunga asionane na mtu. Mwanasaikolojia John Berry wa Kanada hutenganisha maswali mawili: je, mgeni anashika cha kwao, na je, anatafuta uhusiano na wenyeji? Majibu ya maswali hayo huzaa njia nne: kutangamana, kumezwa, kujitenga, na kubaki pembezoni mwa pande zote. Wimbo mmoja hauonyeshi mtu yuko njia ipi. Muda nao una sehemu yake: mwaka 1955 Sverre Lysgaard, aliyechunguza Wanorwe waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, aliona kuwa waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa na hali ngumu kuliko waliokaa muda mfupi zaidi au mrefu zaidi.

Lubumbashi inajua upande wa pili pia, upande wa mwenyeji. Mji wenyewe, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ulijengwa na wageni waliofuata madini ya shaba, na gitaa la Katanga la kina Jean-Bosco Mwenda lilikua humo katika kukutana huko. Mwaka 1971 vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa kuwa kimoja, na masomo ya fasihi na sayansi za jamii yakawekwa Lubumbashi. Vijana waliozoea Kilingala wakajikuta katika mji wa Kiswahili. Miongoni mwa walimu alikuwamo Johannes Fabian, mzaliwa wa Ujerumani. Makala yake ya mwaka 1978 kuhusu utamaduni wa watu wa kawaida iliuchukua muziki wa Shaba (jina la mkoa wa Katanga wakati huo), pamoja na uchoraji na mafundisho ya Jamaa, vuguvugu la Wakatoliki, kuwa fikra za kuchambuliwa kwa heshima. Aliyekuja kufundisha alibadilishwa na alichokisikia.

Atakayepinga atasema mwanafunzi mmoja hawezi kuubadilisha mji mzima. Ni kweli, mzigo mkubwa huubeba yeye. Lakini kiambishi -ana, kilichomo katika kuzoeana, hakidai usawa. Wanaopigana si lazima walingane nguvu. Wala umbali wa kitamaduni haulingani kwa wote: anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kusoma Zambia anakuta Kibemba alichokisikia nyumbani, na kalindula, muziki ulio ndugu wa karindula ya Lubumbashi.

Kwa hiyo dodoso lolote la mazoeano ya kitamaduni liwe na maswali ya pande mbili: mgeni ameanza kusikiliza nini tangu alipofika, na wenzake wa bweni wameanza kusikiliza nini tangu alipofika yeye.