Sare Moja, Mishono Elfu: Safari ya Askari wa Kompyuta

Filamu ya Waterloo ilipotoka mwaka 1970, mwongozaji wake Sergei Bondarchuk alikuwa na kitu ambacho wenzake wengi hawajawahi kukipata: jeshi. Dola ya Kisovieti ilimpa wanajeshi zaidi ya 15,000, wakavishwa magwanda ya mwaka 1815, wakapangwa safu kwa safu katika mashamba ya Ukraine ili Napoleon ashindwe kwa mara nyingine. Asiyekuwa na dola nyuma yake ilimbidi ajibane kwa alichonacho. Katika Braveheart ya mwaka 1995, Mel Gibson aliwatumia askari wa akiba wa Ireland wapatao 1,600, na watu walewale walikuwa Waskoti katika picha moja na Waingereza katika nyingine. Wengi wanaposimulia habari za askari wa kompyuta huanzia hapa, kwamba alizaliwa kwa kuwa askari wa damu na nyama ni ghali. Simulizi hiyo ina ukweli wake, ila inaruka jambo kubwa zaidi. Wingi ulikuwa tatizo jepesi. Kilichowatoa jasho mafundi ni kuwafanya askari wale wasifanane.

Kiswahili kinatusaidia kuliona jambo hili. Sare ni vazi la kikosi, na timu mbili zikitoka sare hakuna iliyomzidi mwenzake. Jeshi linapomvika mtu sare linamvua upekee wake, kwa hiyo mwanzoni askari alionekana kama zawadi kwa kompyuta: chonga mmoja, nakili elfu. Msingi wa kuendesha makundi ya namna hiyo uliwekwa na Craig Reynolds, Mmarekani aliyeonyesha mwaka 1987 kwamba ndege wa kompyuta wakipewa kanuni tatu tu, yaani wasigongane, waelekee waelekeako jirani zao, na wasiachane na kundi, huruka kama kundi la kweli bila mtu kumwongoza kila mmoja. Miaka mitano baadaye kanuni hizo zilirusha popo na kutembeza pengwini katika Batman Returns. Mwaka 1994 kompyuta ikawatimua nyumbu bondeni katika The Lion King, na mwaka 1998 ikawateremsha Wahun wapatao 2,000 wakiwa juu ya farasi kwenye mlima wa theluji katika Mulan. Nyumbu hakuwa na shida. Hakuna mtazamaji anayedai kila nyumbu awe na sura yake. Mpanda farasi ni habari nyingine. Jicho la binadamu limezoea kutafuta watu, na likiona bega lilelile likipanda kwa namna ileile mara tatu, linajua limedanganywa hata kama mwenye jicho hawezi kueleza kwa nini.

Ndiyo maana kazi ya Stephen Regelous huko New Zealand ni nguzo katika historia hii. Peter Jackson alihitaji majeshi kwa ajili ya The Lord of the Rings, likiwamo kundi la viumbe 10,000 wanaoizingira ngome ya Helm's Deep katika filamu ya pili, ya mwaka 2002. Regelous alitengeneza programu iitwayo Massive, ambamo kila askari ana kitu kama ubongo wake: anaona, anasikia, anapima aliyesimama mbele yake, kisha anachagua pigo kutoka katika hazina ya miondoko iliyonaswa kwenye miili ya waigizaji. Urefu, silaha, deraya na uchafu viliweza kubadilishwa mmoja kwa mmoja. Katika majaribio ya mwanzo wapiganaji kadhaa walionekana wakikimbilia vilimani, na ikavuma kwamba askari wa kompyuta wameogopa vita. Maelezo ya Regelous yalikuwa makavu zaidi: walikuwa wamewekwa wakitazama upande usio na adui, basi wakaendelea kukimbia wakimtafuta. Hata hivyo, uvumi ule una maana. Watu walikuwa tayari kuamini woga kwa sababu mara hii walimwona askari mmoja mmoja badala ya umati. Mwaka 2004 Regelous alipewa tuzo ya sayansi na uhandisi ya Academy, chombo kinachotoa tuzo za Oscar.

Lakini askari tunayeweza kumvika tunavyotaka hakutoka studio kubwa peke yake. Babu yake ni mwanasesere. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ilileta G.I. Joe, mwili mmoja wenye viungo vinavyokunjika, huku magwanda, kofia na bunduki vikiuzwa kando. Programu ya Poser, aliyoibuni Larry Weinberg na ikatoka mwaka 1995, ilichukua nafasi ya kikaragosi cha mbao ambacho wachoraji hukitumia kujifunza mikao. Kampuni ya Daz 3D, iliyosimama yenyewe mwaka 2000, ilijenga biashara juu ya wazo hilohilo: mwili wa msingi, vitelezi vya kuongeza kifua au kupunguza taya, na nguo zinazofuata mwili unapojikunja. Ni kama kamati ya harusi inavyofanya: kitenge kimoja, kila mtu na mshono wake. Mtu aliyeko chumbani kwake akaweza kununua kofia ya chuma ya Mjerumani wa mwaka 1944 na kupanga mandhari ya kisinema bila kuomba kikosi kwa serikali yoyote.

Kuna pingamizi zito hapa, nalo ni Red vs. Blue. Kuanzia mwaka 2003 vijana wa Texas walitengeneza mfululizo wa vichekesho ndani ya mchezo wa video wa Halo, wahusika wake wote wakiwa askari wa deraya ileile, nyuso zimefichwa, tofauti yao ikiwa rangi. Aliyezungumza alitikisa kichwa ili ajulikane. Watazamaji waliwafuata kwa miaka mingi. Je, hilo halithibitishi kwamba sura si lolote? Sioni hivyo. Sauti na maneno ndivyo vilivyofanya kazi ya sura, na sehemu ya mzaha ilikuwa kwamba watu hawa hawatofautiki. Rangi yenyewe ilikuwa chaguo la mchezaji, mshono wa kwanza kabisa. Tena wenye mchezo waliliona hitaji hilo: katika Halo 2 waliweka amri ya kushusha bunduki, ili askari aweze kuzungumza bila kumlenga mwenzake.

Pingamizi la pili nalikubali kwa nusu. Husemwa kwamba mwili wa msingi mmoja huzaa sare mpya, kwamba chini ya vitelezi vyote yuko mtu yuleyule. Ushahidi upo, na ni wa zamani kuliko kompyuta: mwaka 1965 Hasbro ilipotoa G.I. Joe mweusi, ilitumia kalibu ileile ya uso wa mzungu na kubadilisha rangi tu. Lakini kasoro hiyo ni ya aliyechonga kalibu, na kitelezi hakiwezi kufika mahali ambapo mchongaji hakuwahi kupafikiria. Fikiria anayetaka kutengeneza mandhari ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma na kufika Kalewa mwezi Desemba 1944. Gwanda la msituni na kofia ya ukingo mpana ni kazi ya fundi mwenye picha chache za kumbukumbu mezani. Kisha inabidi aweke ndani yake watu kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, waliovishwa vazi moja na kupewa namba, na kwa kila mmoja aanze upya kwenye taya, pua na paji la uso.