Mwaka 1986, Banyambala Walipoleta Ubingwa Nyumbani



Kila tunapokutana kwa harambee hii, mazungumzo ya pembeni hayakosi kufika mwaka 1986. Wazee wetu huutaja kama watu wanavyotaja mwaka wa mavuno makubwa. Vijana wengi wanaujua kwa kusikia tu, na wapo wasioamini. Ndiyo maana tumeona vema tuuandike hapa, pamoja na yaliyofuata baadaye, ambayo huwa hatupendi kuyasema.

Ligi ya taifa ya soka ilianza 1965. Kwa miaka ishirini ya mwanzo, ubingwa wa Tanzania Bara ulikuwa kama mali ya Dar es Salaam. Sunderland, ambayo leo tunaiita Simba, pamoja na Yanga, Cosmopolitan na Pan African, ndio waliopokezana. Mara moja tu ulitoka nje ya jiji, mwaka 1975, Mseto ya Morogoro ilipoutwaa.

Ndipo ikaja Tukuyu Stars. Mji wetu ni mdogo, umekaa chini ya Mlima Rungwe, na wengi walioko nje wanaujua kwa mvua, ndizi na chai. Kutoka kwetu hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 900. Timu ilikuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, na wakubwa wa ligi hawakuwa na sababu ya kuihofia. Msimu huohuo wa kwanza, 1986, ikawa bingwa wa Bara. Kupanda na kutwaa ubingwa papo hapo ni jambo la nadra duniani. Nottingham Forest ya Uingereza ilifanya hivyo 1978, na Kaiserslautern ya Ujerumani ikafanya 1998. Katikati yao wapo vijana wa Tukuyu.

Tukumbuke pia hali ya nchi wakati ule. Mwalimu Nyerere alikuwa ameng'atuka mwaka mmoja tu nyuma. Tulikuwa tunatoka katika miaka ya foleni, sukari na sabuni vikiadimika na mafuta ya gari yakitafutwa kwa taabu. Kuisafirisha timu kutoka kona yetu ya nchi kwenda kucheza ugenini halikuwa jambo dogo. Walioshindwa kusafiri walikaa karibu na redio. Jina la utani la timu lilikuwa Banyambala, na kila Mnyakyusa anajua kuwa maana yake ni wanaume. Mwaka ule nchi nzima ilijifunza neno hilo.

Hiyo ndiyo sehemu tamu. Sasa tuseme na chungu.

Ubingwa ule haukurudi tena Tukuyu. Wachezaji wazuri waliitwa na klabu kubwa, nao wakaenda, na hatuwalaumu, kwa sababu kijana hufuata riziki. Sekilojo Chambua, aliyepitia Tukuyu Stars, alikuja kuichezea Yanga kwa miaka mingi na kuvaa jezi ya Taifa Stars. Tulijivunia. Lakini alipoondoka mmoja, hatukuwa tumeandaa wa kumrithi. Timu ikashuka daraja, na jina likabaki kwenye hadithi.

Na sisi tulioko mijini tulikuwa wapi? Tuseme ukweli, kwani hapa tunasomana wenyewe. Timu iliposhinda, wote tulikuwa wa Tukuyu. Ilipoyumba, tukarudi kwenye Simba na Yanga zetu. Tulishangilia mavuno tukasahau mbegu. Kipaji hakikwisha Rungwe mwaka 1987. Kilichokosekana ni viwanja vinavyochezeka, mipira, walimu wa michezo na watu wa kuvigharimia mwaka hadi mwaka, hata pale ambapo hakuna kombe la kushangilia.

Tunayaandika haya katika kitabu cha harambee kwa makusudi. Habari ya timu ndiyo habari ya shule zetu, zahanati zetu na barabara zetu. Tunajua kuchanga kwa kishindo siku moja. Hatujazoea kuchanga kidogokidogo hadi jambo lisimame lenyewe. Mwaka huu sehemu ya michango yenu itakwenda kwenye viwanja vya shule za msingi, na tunaomba kila familia iahidi kiasi inachoweza kukirudia mwakani na mwaka utakaofuata, hata kiwe kidogo namna gani.

Kuna mtoto Rungwe jioni hii anayepiga mpira wa makaratasi kwenye utelezi wa mvua. Wale wa 1986 nao walianza hivyohivyo. Tusimwachie redio tu.