Basi la Viungani

Mji wa Dar es Salaam haukutanuka kwa bahati nasibu. Ulipangwa, na ndani ya mpango ule yalikuwamo masafa ambayo maskini alitakiwa kuyakata kwa miguu yake. Tangu zama za Wajerumani, na baadaye chini ya utawala wa Waingereza, kanuni za ujenzi ziliugawanya mji sehemu tatu: Wazungu wakakaa kaskazini penye upepo wa bahari, maduka na majumba ya Wahindi yakashika katikati, na Waafrika wakapewa Kariakoo, ng'ambo ya kiwanja cha Mnazi Mmoja kilichoachwa wazi makusudi kiwe mpaka baina ya makazi na makazi. Kariakoo ilipojaa ikafunguliwa Ilala, na baada ya Vita Kuu ya Pili zikafuata Magomeni na Temeke, ilhali bandari, maghala na afisi zilizohitaji mikono ya watu hao zilibaki palepale. Ikawa kila mtaa uliopimwa kwa ajili ya mfanyakazi ulimwongezea mwendo, na kuli aliyetakiwa gatini mapambazuko hakuwa na budi kutoka kwake kabla ya adhana ya alfajiri.

Kwa watu hao basi lilikuwa faraja kubwa lilipokuja. Katika miaka ya mwisho ya arobaini kampuni ya Kiingereza iliyojulikana kwa herufi zake tatu, DMT, ilianza kuwachukua abiria wa mji. Sensa ya mwaka 1957 iliwakuta watu wapatao 129,000, na ile ya 1967 ikakuta wapatao 273,000, na wageni walioujaza mji hivyo aghalabu hawakupata pa kukaa katikati yake bali viungani. Baada ya Azimio la Arusha, DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa sehemu mbili: KAMATA ikapewa safari za mikoani, na Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, likapewa mji.

Nia iliyoiunda UDA naiheshimu hata leo, maana ilikuwa nia ya kusema kwamba mtu wa kima cha chini anayo haki ya kufika kazini bila ya mshahara wake kuliwa na safari, na kwa sababu hiyo nauli ikawekwa na serikali na kuzuiwa isipande. Walakini gari haliendi kwa nia njema peke yake. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973. Vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikawa adimu, na vipuri, ambavyo havikupatikana ila kwa fedha hizo, vikaadimika nazo. Basi lililokufa gereji likafanywa ghala la vipuri la basi lililo hai. Hata yale mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yenye mabehewa mawili yaliyoungana, ambayo watu waliyaita kumbakumba, hayakuweza kuukumba umati uliosimama vituoni. Ndipo watu binafsi walipojitokeza na magari yao, yale ya chai maharage, ambamo abiria walikaa kwenye mabao wakitazamana. Serikali ikayapiga marufuku, na abiria wakaendelea kuyapanda, kwa kuwa marufuku haimfikishi mtu nyumbani.

Mwaka 1983 dola ilikubali lililokwisha kuwa, ikawapa idhini wenye magari binafsi kusafirisha abiria, na daladala ikaingia barabarani kwa halali. Wema wake haufai kufichwa: iliingia katika njia za vumbi na za matope, ikawafuata watu Mbagala, Tegeta na Gongo la Mboto kadiri walivyojenga. Kasoro yake imo katika hesabu. Mwenye gari humkabidhi dereva chombo alfajiri, na usiku hudai kiasi maalumu cha fedha, abiria wawe wengi au wachache, barabara iwe wazi au imefungwa na foleni. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho ujira wa dereva na konda wake. Kila taabu anayoilalamikia abiria imetoka katika mapatano hayo ya watu wawili ambayo yeye hakuwamo: kusubiri gari lijae, kushindiliwa mlangoni, kukimbizwa, kuteremshwa njiani gari linapogeuza kabla ya mwisho wa safari.

Wa kuonewa zaidi amekuwa mwanafunzi. Nauli yake imewekwa chini sana ya nauli ya mtu mzima, na ni insafu iwe hivyo. Lakini tofauti hiyo hakuna aliyemlipa dereva, na kila mtoto aliyepanda alipunguza kitoweo cha aila ya mtu mwingine. Serikali ilitoa rehema, na gharama yake ikatwikwa maskini wa pili. Tumemlaumu konda miaka mingi kwa kumsukuma mtoto mwenye daftari, na lawama anastahili. Lakini walioupanga utaratibu huo walistahili lawama kubwa zaidi.

Mwezi wa Mei 2016 yalianza mabasi ya mwendokasi katika barabara ya Morogoro, baina ya Kimara na Kivukoni, katika njia yao peke yao, na daladala zikaondolewa humo. Taabu zake ni nyingi: karakana ilijengwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, na mafuriko yakaifuata humo zaidi ya mara moja, mabasi hayatoshi saa za asubuhi na jioni, na anayekaa mbele ya kituo cha mwisho hulipa nauli mbili. Lakini dereva wake hula mshahara, na nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda, basi mwanafunzi aliyekwisha kulipa si hasara ya mtu yeyote aliyemo garini. Mwenziwe wa Chanika, ambako daladala ndiyo usafiri, bado hutegemea huruma ya konda.