Mti gani tupande nyumbani? Somo kutoka ngitili za Lalago

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na sahaba zake.

Masika yanapokaribia, familia nyingi hujiuliza wapande mti gani uani. Zamani walitafuta kivuli na matunda. Siku hizi wanataka pia mti unaohifadhi kaboni, ile inayozidisha joto la dunia ikiwa hewani, na unaowafaa ndege na wanyama. Hili la wanyama si geni kwetu. Katika hadithi ya Anas (R.A), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W) ametufundisha kwamba anachokula ndege, mtu au mnyama katika alichopanda Muislamu huwa ni sadaka kwake. Ndege ametajwa waziwazi, basi tusimwite mwizi anapodonoa embe.

Mfano tunaouona bora uko bara. Lalago ipo wilaya ya Maswa, katika mkoa wa Simiyu, ambao kabla ya 2012 eneo lake kubwa lilikuwa sehemu ya Shinyanga. Ni nchi ya Wasukuma, wafugaji na wakulima wa pamba. Wakati wa ukoloni misitu ya huko ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha mashamba ya pamba, kuni na wingi wa ng'ombe vikamaliza iliyobaki. Kufikia miaka ya 1980 watu walihofia kuwa mkoa wa Shinyanga unageuka jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI. Mafanikio yake makubwa yalitokana na desturi ya Wasukuma wenyewe, yaani ngitili. Kipande cha ardhi hufungwa mvua zinapoanza, mifugo haingii, na hufunguliwa kidogo kidogo kiangazi kinapokaza. Anayevunja mwiko hutozwa faini kwa uamuzi wa mkutano wa jadi, dagashida.

Miti mingi ya ngitili haikupandwa na mtu. Visiki na mizizi ilikuwa hai ardhini, ilipopumzishwa migunga na mingineyo ikachipua. Ngitili zilizohesabiwa 1986 zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000. Ndege walirudi, na kina mama wakapata kuni na dawa karibu na nyumbani. Anayejua habari za hima ya Naqii, malisho aliyoyatenga Mtume (S.A.W) karibu na Madina, ataona kuwa jambo hili lina asili katika dini yetu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mche, tazama kilichopo uani. Takriban nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Mti mkubwa, wenye mbao ngumu na umri mrefu, ndio ghala la kweli. Mpapai na mgomba ni chakula kizuri, lakini vikianguka huoza na kaboni yake kurudi hewani upesi. Ukiukata mwembe wa babu ili upate pa kuegesha gari, kisha ukapanda miche kumi, itachukua miaka mingi kulipa deni hilo, hata kama miche yote itapona.

Ikiwa kiwanja ni kitupu, sisi tungeanza na mkwaju. Hukua polepole, lakini huvumilia ukame na huishi umri wa watu kadhaa. Mwembe na mzambarau huwalisha popo wa Pemba, ambaye hapatikani popote duniani ila Pemba, naye husambaza mbegu. Mkungu usidharauliwe: kima punju wa pembezoni mwa Jozani hula majani yake na ya mwembe, kisha hutafuna makaa, ambayo watafiti wanaeleza kuwa hupunguza sumu iliyomo katika majani hayo. Mwarobaini una manufaa yake, ila ni mgeni na huenea wenyewe, basi usiujaze uwanja. Mkaratusi hauna nafasi uani.

Usipande mti mkubwa karibu na karo, kisima au ukuta wa jirani. Tawi likivuka kwa jirani, katika madhehebu ya Imam Shafi ana haki ya kutaka liondolewe. Mwenye mti akikataa, jirani anaweza kulipinda, na ikishindikana kulikata. Matunda ya tawi hilo yanabaki ya mwenye mti.

Jambo la mwisho huleta ugomvi mwingi katika mirathi. Visiwani kwetu mwenye mti huweza kuwa si mwenye ardhi. Unapopanda katika kiwanja cha mjomba au cha mke, kubalianeni mapema, mbele ya mashahidi na kwa maandishi, mti ni wa nani na nani atakula matunda yake. Anayetaka thawabu zake ziendelee anaweza kuuweka mti wake wakfu kwa msikiti au madrasa, kwa sharti uwe ni milki yake.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.