Kakungulu alipoasi: Historia ya Wayahudi wa Mbale na rabi wao

Novemba 24, 2028 itatimia miaka 100 tangu Semei Kakungulu afariki dunia huko Mbale, mashariki mwa Uganda. Mwanafunzi wa sekondari Nyamira anamjua mtu huyu kwa sentensi moja tu: Mganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa Uganda ya mashariki. Akiiandika katika mtihani anapata alama yake na kufunga daftari. Haambiwi kwamba jemadari huyohuyo ndiye aliyeanzisha Abayudaya, jamii ya Wayahudi Waafrika ambayo leo ina rabi wake, masinagogi yake, shule zake na hata kahawa yake.

Habari hii ingestahili kujulikana zaidi Nyamira kuliko kwingine. Tangu Waadventista walipofika Gendia mwaka 1906, kisha wakaingia Gusii na kuweka kituo Nyanchwa, Jumamosi imekuwa siku ya mapumziko kwa maelfu ya familia za hapa. Nyama ya nguruwe haiingii jikoni mwao, wala mumi. Wazee nao husimulia kwamba mababu wa Abagusii walitoka Misiri na kukaa pande za Mlima Elgon kabla ya kutawanyika, simulizi ambayo mwanahistoria William Ochieng' aliichambua katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu Abagusii. Mbale iko chini ya mlima huohuo.

Wapo wanaolichukua jina la Misiri na kulifanya hati ya ukoo wa Israeli. Abayudaya hawana haja na hati hiyo. Wanasema wazi kwamba babu zao walisoma Biblia, wakaielewa kwa namna yao, wakaamua.

Uamuzi ulianza na hasira. Kakungulu, kama anavyoelezwa na Michael Twaddle katika kitabu chake cha mwaka 1993, alikuwa mpiganaji hodari na Mprotestanti mwenye bidii. Alivuka kwenda Bukedi na jeshi lake, akajenga ngome, akafungua barabara na kupanda miti, akitumaini kwamba Waingereza wangemtambua kuwa Kabaka wa nchi aliyoiteka. Mwaka 1902 walimwondoa katika ngome yake ya Budaka, akahamia Mbale. Baadaye wakampa urais wa Busoga, cheo alichokishika kuanzia 1906 hadi 1913. Ufalme hakuupata.

Mwaka 1914 likazuka kundi la Bamalaki, lililochukua jina la mwanzilishi wake, Malaki Musajjakawa. Liliikataa dawa ya hospitali na chanjo, hata ya ng'ombe, na kuitukuza Jumamosi. Kakungulu akajiunga nalo. Kwa serikali, chifu mkubwa aliyegomea sindano alikuwa mwasi. Yeye aliona amepata watu wanaoisoma Biblia bila kumeza maneno.

Lakini Kakungulu hakuishia kwenye Sabato. Alipofika kwenye agano la Ibrahimu, akauliza kwa nini amri hii ishikwe na ile iachwe. Mwaka 1919 akatangaza kwamba atatahiriwa.

Ugomvi ukalipuka. Kwa Mgusii unaweza kuchekesha kidogo, maana hapa kijana asiyepita jando hubaki omoisia hata akiota ndevu. Majirani wa Kakungulu, Bamasaba wa Mlima Elgon, nao wana tohara yao ya imbalu. Buganda, hata hivyo, haikuwa na jando, na Bamalaki waliona kwamba mkubwa wao amevuka mpaka. Walimwonya kwamba tohara ya kidini ni ya Wayahudi, watu wasiomkubali Kristo. Kwa masimulizi ambayo Arye Oded aliyakusanya, Kakungulu alijibu kwamba ikiwa ni hivyo, basi kuanzia siku hiyo yeye ni Myahudi. Akatahiriwa, wanawe wakatahiriwa, na wafuasi wake waliokubali wakaingia pamoja naye katika dini ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona muumini wake.

Oded aliyajua mambo haya kwa karibu. Alikuwa msomi Mwisraeli aliyesoma Makerere miaka ya mwanzo ya 1960, akawatembelea Abayudaya na kuandika habari zao, na baadaye akawa balozi wa Israeli jijini Nairobi.

Mwalimu wa kwanza alitokea mwaka 1920, mfanyabiashara Myahudi anayekumbukwa kwa jina la Yosefu. Alikaa nao miezi ipatayo sita, akawafundisha kalenda ya sikukuu na namna ya kuchinja, akawaambia pia kwamba ubatizo waliokuwa bado wanautumia haukuwa wa Kiyahudi. Wakauacha. Mwaka 1922 Kakungulu akatoa kitabu cha Kiganda cha kuwaongoza watu wake.

Wakati huohuo, upande wetu wa mpaka, Wayahudi kutoka Ulaya walikuwa na sinagogi Nairobi, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1912. Mwaka 1903 Uingereza ilikuwa imewapendekezea Wazayuni ardhi ya Uasin Gishu, nao wakaikataa mwaka 1905. Dini iliyoshindwa kuletwa kwa mpango wa serikali ikaota Mbale bila mpango wowote.

Baada ya kifo cha Kakungulu jamii iligawanyika na kupungua. Idi Amin akaipiga marufuku dini yao. Wengi wakawa Wakristo au Waislamu, na waliobaki wakasali kwa kujificha. Kampala ilipoanguka na Amin akapinduliwa Aprili 11, 1979, jioni hiyo ndiyo Pasaka ya Wayahudi ilikuwa inaanza. Abayudaya hawajaacha kulisimulia hilo.

Vijana wakiongozwa na J. J. Keki na ndugu yake Gershom Sizomu wakaifufua jamii hiyo katika kilima cha Nabugoye miaka ya 1980. Mwaka 2002 marabi wa dhehebu la Kihafidhina wakafika na kuwapokea rasmi mamia ya waumini. Sizomu akaenda kusomea urabi katika shule ya Ziegler, Los Angeles, na Mei 2008 akawekewa mikono. Alirudi Nabugoye mwaka huohuo na kufungua shule ya kufundisha viongozi wa dini.

Mafundisho yake yana sura mbili. Torati husomwa kwa Kiebrania, zaburi huimbwa pia kwa Kiganda kwa sauti za nyumbani, na albamu ya muziki huo iliyotolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003 iliteuliwa kuwania Grammy. Wanawake huisoma Torati mbele ya watu. Wafuasi wa Kakungulu walikimbia sindano, lakini mwaka 2010 jamii ya Sizomu ilifungua kituo cha afya mjini Mbale kinachomtibu kila mtu. Shule zao huwachukua watoto wa Kiislamu na wa Kikristo. Keki naye mwaka 2004 aliwakusanya wakulima wa dini zote tatu katika ushirika wa kahawa wa Peace Kawomera, mfano ambao mkulima wa kahawa wa Nyamira, aliyechoshwa na siasa za vyama vyake vya ushirika, angefaidika nao.

Mwaka 2016 Sizomu alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini kwa tiketi ya chama cha FDC, akakaa hadi 2021. Kura hazikutoka sinagogini peke yake. Wayahudi ni wachache mno kwa hilo.

Mambo hayajatulia. Mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilikataa kumpa Myahudi wa Uganda haki ya kuhamia huko kama wenzake wa Marekani, ingawa Abayudaya waliingia dini mbele ya marabi wa dhehebu lilelile. Huko Putti, karibu na Mbale, wapo waliochagua kufuata Uothodoksi. Na hapa Kenya kuna jamii ndogo ya Kasuku, Nyandarua, ambayo imeegemea Nabugoye kwa mafunzo.

Vitabu vyetu vya shule vimekaa kimya juu ya yote haya. Kutoka Nyamira hadi Mbale ni safari ya siku moja kwa barabara, kupitia Kisumu na Busia. Walimu wa historia na wa elimu ya dini katika kaunti hii wasingoje mtaala ubadilishwe. Wawapeleke wanafunzi wakamwone rabi na kumuuliza wenyewe, kabla Novemba 2028 haijafika.